Wanga wa Majani ya Chini

Shija,

Naanza na malalamiko, salamu zitafuata, maana nikianza na salamu nitashindwa kuendelea. Friji ya maabara imeharibika tena. Fundi amekuja, ameipiga teke kama ulivyokuwa ukiipiga wewe, ikaunguruma kidogo, ikanyamaza. Kwa hiyo nimeomba nafasi kwenye friji ya mama anayeuza soda jirani na chumba changu kule Shanwe, na mchuzi wetu umelala humo katikati ya soda na maji ya kunywa. Kwenye chupa nimeandika SUMU kwa wino mwekundu. Sumu ya kumdhuru mtu haimo, unajua, ila baada ya yaliyotokea siachi tena chupa bila onyo.

Leo ni Jumapili. Shule imefungwa, walimu wameenda makwao, na mimi nimefungua maabara kwa ufunguo ule ule tuliokuwa tunaugombania. Nimekaa upande wangu wa meza. Upande wako nimeweka magunia matupu ili usionekane wazi sana. Nakwambia ukweli, ninajisikia mpweke. Nilidhani kufiwa ni kulia, kumbe kulia kunaisha mapema na kinachobaki ni mambo madogo madogo. Hakuna anayenibishia kuhusu moto wa jiko. Hakuna anayeimba vibaya nyimbo za redioni huku anapima spiriti. Hakuna anayesubiri tufike getini kabisa ndipo aniulize, "Oliva, umezima gesi?" Nilikuwa nazima kila mara, na wewe uliniuliza kila mara, na kila mara nilirudi kuangalia huku nakusonya.

Watu wakiniuliza tulikuwa tunafanya nini humu, nawajibu kifupi mpaka wanachoka. Walimu wenzako waliamini tunapika gongo, kwa ile harufu ya spiriti. Majirani zangu waliamini tunachumbiana. Ukweli ulikuwa mdogo na haukumvutia mtu: wewe mwalimu wa kemia, unayesomea shahada ya pili kwa kwenda na kurudi Dar, na mimi mtunza maabara, tulikuwa tunachemsha majani ya tumbaku yaliyokataliwa.

Nakumbuka siku uliyonipeleka kwenu mara ya kwanza, njia ya Mishamo, msimu wa masoko. Baba yako, aliyehama Usukumani na ng'ombe akaishia kulima tumbaku, alikuwa amesimama kando ya marobota yake kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Mpanga madaraja alipita, akachomoa jani moja kutoka robota la mwisho, akalinusa, akalitupa chini, akaenda kwa mkulima mwingine. Basi. Robota zima limekataliwa. Yalikuwa majani ya chini, yale yanayoiva kwanza karibu na udongo, membamba, yamejaa mchanga. Wewe uliinama ukaliokota lile jani, ukaliweka mfukoni mwa shati, na kwenye bodaboda tukirudi mjini ukanipigia kelele masikioni njia nzima. Ulisema jani lile halimfai mvutaji lakini ndani yake mna sukari, tena siyo ya kulamba, ni sukari zilizoshikana mkono kwa mkono minyororo mirefu, na tukiitoa na kuijua ni ya aina gani, huenda ikafaa kwa gundi, au kwa utando wa kuhifadhi matunda, au kwa kitu ambacho hatujakifikiria. Nikakuuliza, na ikiwa haifai kwa lolote? Ukasema, "Basi tutakuwa tumejua haifai. Sasa hivi wanaikataa bila kuijua."

Mimi nilichokijua ni mchele. Mtu aliyelelewa Majimoto anajua mchele, ukaona hapo pa kunitania, ukasema sisi Wapimbwe wote ni mabingwa wa kuchemsha na kumwaga maji. Lakini ulipoanza kunifundisha kazi nikakuambia mbona ni mchele tu. Unasaga majani makavu. Unayaosha kwanza kwa spiriti ya moto ili rangi na ule ukali wa tumbaku vitoke. Halafu unayachemsha taratibu kwenye maji, unachuja, unapunguza mchuzi mpaka uwe mzito kama maji ya wali. Ukicheka ulikuwa unaweka mkono mdomoni, na siku hiyo uliuweka muda mrefu.

Halafu ile ya mwisho, kumimina spiriti kwenye mchuzi uliopoa. Mara ya kwanza nilishika kijiti nikaanza kukoroga, ukanishika mkono. "Usikoroge. Acha ishuke yenyewe." Tukakaa tunaangalia bika la kioo. Hakukuwa na kitu, hakukuwa na kitu, halafu kwenye ule mchuzi ukaja ukungu, na ukungu ukawa nyuzi, na nyuzi zikaanza kushuka chini polepole. Tuliliinamia kama watu walio kanisani. Sijawahi kukuambia jinsi nilivyofurahi. Nilisema tu kwamba ni saa ya kula.

Msimu mzima wa kuchemsha ulitupa robo ya chupa ya kahawa. Unga mweupe, mkavu, usio na harufu. Ulikuwa unanifungulia kifuniko ninuse, na nikisema sisikii kitu, unafurahi. Ulisema ukinusa tumbaku humo ujue hatujausafisha. Unga huo ndio uliotaka kupeleka Dar, kwenye mashine za chuo, zikatuambie minyororo ile ina urefu gani na imeungwa kwa sukari zipi. Nafasi ulishapewa. Shule ilipofungwa katikati ya mwaka, na friji hii mbovu ikaanza kutiririsha maji, ukaihamishia chupa chumbani kwako, kwenye kabati la vyombo.

Halafu homa ikakuanza ukiwa unasahihisha mitihani, ukasema ni uchovu. Siku ya tatu kaka yako akanipigia simu, na kwa jinsi alivyoanza kwa kuniuliza kama nimekaa, nilijua.

Sijakusimulia msiba wako. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, ndugu upande huu, majirani upande ule. Shangazi yako mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe mama ni nani wake?" Nikasema, "Tunafanya kazi pamoja." Akanionyesha nje walipokaa walimu. Na walimu walikuwa wanaume watupu, wamezunguka moto wanazungumzia uhamisho. Nikaishia jikoni kuchambua mchele. Anayechambua mchele haulizwi ni nani wake. Sikuwa mjane, sikuwa ndugu, na neno la kile nilichokuwa kwako halikuwepo pale msibani, kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma. Nililia juu ya sinia, na mama mmoja akaniambia nisogee, moshi unaniumiza macho.

Tulipopita kukuaga niliona shati jeupe. Nilikuwa nimejiandaa nisikuangalie usoni, kwa hiyo niliangalia kola. Nikawaza, leo kola imesimama. Wewe ambaye kola zako zililala siku zote kama masikio ya mbuzi. Nikawaza kwamba mtu fulani amekupigia pasi kwa upendo. Nikapita.

Matanga yalipoisha, msimamizi wako wa chuoni akanipigia, akanipa pole, akasema nafasi ya mashine bado ipo, nipeleke sampuli. Nikaenda chumbani kwako. Kaka yako alikuwa anafunga vitu. Kabatini chupa haikuwepo. Nikaikuta nje kwenye kichanja cha vyombo, imeoshwa, imegeuzwa kifudifudi ikauke.

Nikapanda bodaboda mpaka kwenu. Mayu, mama yako, ninamwita kama mlivyokuwa mkimwita nyie wanawe, alikuwa anatwanga. Aliponiona aliacha mchi, akanishika mikono miwili. Nikamuuliza habari za chupa. Akafurahi, Shija. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifurahi tangu tukuzike.

"Ule wanga? Nilimpigia nao pasi shati lake. Si alinionyesha mwenyewe, akasema mayu, huu umetoka kwenye majani yetu ya chini, yale wanayoyakataa? Nilikuja pale mjini kumchukulia nguo, muhogo wa kutengeneza wanga sikuwa nao. Nikaukoroga wote na maji ya moto. Tangu anasoma shule ya msingi nilikuwa nampigia shati, halijawahi kukaa vile. Kola uliiona?"

Nikasema, "Niliiona, Mayu. Ilisimama."

Halafu nikaenda nyuma ya bani lenu, pale mnapokaushia tumbaku, nikaegemea ukuta, nikalia kwa hasira. Naomba ujue kwamba nilimkasirikia mama aliyefiwa. Nilimkasirikia sana. Nilikukasirikia na wewe, mwalimu mzima, kumwambia mama ni wanga kwa sababu neno lenyewe refu hukuwa na subira ya kumweleza. Msimu mzima, Shija. Umezikwa nao shingoni. Na kwenye bodaboda nikirudi mjini nikashikwa na kicheko mpaka dereva akaniuliza kama niko salama, na nikatamani kumweleza mtu, na mtu pekee ambaye angeelewa kwa nini inachekesha alikuwa wewe.

Sijamwambia yeyote mpaka leo. Kaka yako angemwambia Mayu. Walimu wangefanya stori ya mapumziko. Msimamizi nilimwambia sampuli imeharibika, sikusema imeharibikaje. Akaniambia kama naweza kutengeneza nyingine kwa majani ya msimu unaofuata, kwa njia ile ile, atashikilia nafasi, na kazi itatoka ikiwa na jina lako. Nisipoweza, nafasi itapewa mwingine, na kazi itafungwa hapo ilipo. Nikasema naweza. Nikakata simu, nikatazama upande wako wa meza, nikaogopa.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Mwalimu mpya wa kemia ni kijana mstaarabu na hagusi chochote. Baba yako amesema msimu huu ndio wa mwisho kwake kulima tumbaku, anarudi kwenye mahindi na ng'ombe. Nilikwenda kwenu tumbaku ilipokuwa inatoka banini, sijui nimwombeje. Hakunipa hata nafasi ya kuomba. Alikuwa ameshayatenga majani ya chini, ameyafunga kwenye magunia, ameyaweka juu ya kichanja yasipate unyevu. Akasema, "Sijui mnayafanyia nini. Lakini alisema yasichomwe." Alisema "mnayafanyia". Nilitaka kumsahihisha, nikaacha.

Mkupuo wa kwanza nimeuharibu. Spiriti hapa mjini ilikuwa haba, nikaibania kwenye kuosha, na nilikuwa na haraka ya kuona nyuzi, nikakoroga. Ndiyo, nilikoroga. Ilishuka tope tope, na ilipokauka ikawa unga wa rangi ya chai ya maziwa, unaonuka tumbaku. Nilifungua kifuniko nikanusa kama ulivyonifundisha, na harufu ikanijaa pua nzima. Huo haukufaa kupelekwa Dar. Sikuumwaga, sijui kwa nini, nikauweka nyuma ya rafu.

Wiki mbili zilizopita Mayu alikuja hapa maabara. Ndiyo, humu humu. Alikuja mjini sokoni, akauliza njia, mlinzi akamleta. Alikaa kwenye magunia, upande wako, akaangalia mabika na mipira ya gesi kama mtu aliyefika ugenini kwa mwanawe. Halafu akasema misa ya mwaka wako ni Jumamosi, ana kitambaa cheupe cha kutandika meza ya picha yako, na je, ule wanga wa mwanawe, nimebaki nao hata kidogo?

Shija, hapo ndipo nilipokuhitaji. Ningeweza kumwambia umekwisha. Ningeweza kumpa wanga wa muhogo nikamwambia ni ule, asingejua. Ningeweza kumwambia ukweli, na ningemwua. Wakati nawaza hivyo mkono wangu ulikuwa umeshafika nyuma ya rafu. Nikamwambia upo, ila safari hii haukutakata, utakipa kitambaa rangi. Akafungua kifuniko. Akanusa.

Alikaa na ile chupa puani muda mrefu, amefumba macho. Halafu akasema, "Unanukia bani letu." Akafunga, akaifunga kwenye khanga yake, akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi hiyo nilikwenda. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa, kimekaa wima pembeni kama karatasi, na rangi yake ni ile ile ya chai ya maziwa, na kanisa lote lilinukia tumbaku kidogo. Padri alipiga chafya. Safari hii shangazi yako hakuniuliza mimi ni nani wako. Mayu alinivuta mkono, akanikalisha kwenye mkeka wa ndugu, karibu naye, na nilikaa pale mpaka mwisho. Sina la kuongeza hapo. Nilikaa.

Niliporudi sikuwa na haraka tena. Majani yaliyobaki yalitosha mkupuo mmoja, na baada ya huo hakuna mengine, baba yako ameshang'oa hata vigingi vya bani. Basi la Dar ni kesho kutwa. Niliosha kwa spiriti mpaka spiriti ikatoka bila rangi, nikaosha tena. Nilichemsha moto mdogo, ule uliokuwa unaniudhi. Jana jioni nilimimina, nikafunga chupa, nikaandika SUMU, nikaipeleka kwa mama wa soda, na sikuitazama, maana ningeitazama ningeigusa.

Sasa naacha kuandika niende nikaichukue.

Nimerudi.

Mama wa soda aliniambia, "Mama, sumu yako imeota." Nilidhani imeharibika. Nikaiinua kwenye mwanga. Imeshuka, Shija. Imeshuka yote, imelala chini ya chupa, nyeupe, na juu yake spiriti iko wazi unaona hadi upande wa pili. Nimekuja nayo kwa miguu kutoka Shanwe, nimeikumbatia, bodaboda wananiita nawakatalia. Nimechukua tone dogo, nikalijaribu kwa fenoli na asidi kama ulivyokuwa unafanya, umevaa ile miwani uliyodai inakupendeza. Rangi ya machungwa imekuja taratibu mpaka ikakolea. Sukari ipo. Nimenusa. Sisikii kitu.

Nilitaka kugeuka nikuambie. Nimegeuka kabisa, nimefungua mdomo. Ni magunia.

Nitaikausha leo na kesho, na kesho kutwa nitapanda nayo basi mwenyewe, mapajani. Juu ya chupa nimeandika jina lako, na chini yake jina langu, kwa wino mweusi. Mashine zikishasema, nitarudi na majibu. Ninakuahidi mambo mawili tu, mengine sitayaweza. Mayu hatajua kutoka kwangu, mpaka nami nitakapowekwa udongoni. Na majibu yakija, kabla sijamwambia msimamizi, kabla sijamwambia mtu yeyote, nitachukua bodaboda mpaka kwenu, nikae kando ya kaburi lako, nikusomee moja moja ni sukari zipi ulizovaa shingoni siku ile. Wewe ndiye uliyetaka kujua. Ni haki yako kujua wa kwanza.

Sasa salamu. Baba yako mzima. Mayu mzima. Kaka yako amepata mtoto, wamempa jina lako, analia kwa sauti mbaya kama unavyoimba. Mimi nipo.

Lala salama, rafiki yangu. Ninafunga mlango. Gesi nimezima. Nilifika getini, nikarudi kuangalia.

Oliva